Maji ya Kisima Yanaua Pikapu Zetu

Wiki hii siongelei viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naongelea rejeta. Najua kuna atakayesema bwana shamba ameishiwa mada, lakini hela ya shamba inayopotelea barabarani nayo ni hela ya shamba.

Hapa Lusewa kijana akipata misimu miwili mizuri ya ufuta au tumbaku, kinachofuata ni usafiri. Wengi wanaanza na pikipiki. Wachache wanaungana wawili watatu, wananunua pikapu kuukuu ambayo pengine imezaliwa kabla yao. Siwacheki. Mwenye gari anaamua mwenyewe atauza wapi na lini, asiye na gari anamsubiri dalali. Ninachopinga ni kitu kimoja: gari linawekewa dizeli vizuri, oili kwa kusitasita, halafu rejeta inapewa chochote kilichomo kwenye dumu.

Na mimi nimeshiriki kosa hili, ndiyo maana naliandika.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na vijana watatu waliokuwa wanalima nyanya bondeni wakati wa kiangazi. Vijana wa kazi kweli. Walinunua pikapu ya dizeli kwa hela ya msimu, wakaanza kupeleka matenga Songea wenyewe. Siku moja wakapita kwangu alfajiri wakiwa na mzigo. Mmoja akaniambia, "Bwana shamba, shikamoo. Gari inakula maji kidogo, tusaidie dumu." Nikawajazia dumu la lita 20 kwenye kisima cha nyumbani. Nikawaambia, "Ongezeni tu mkiona geji inapanda." Nilisema kwa kujiamini kabisa, kama ninavyosema kuhusu mahindi. Stashahada yangu ni ya kilimo, ya magari sina, ila siku hiyo nilijisahau.

Wanaoijua njia yetu wanajua kutoka hapa kupita Ligera na Mkongo hadi ukutane na lami pale Mtwara Pachani gari linafanya kazi gani. Vumbi, makorongo, gia ya kwanza na ya pili, mzigo umejaa, mwendo mdogo kiasi kwamba upepo wa kupoza rejeta haupo. Wakaongeza maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne dumu lilikuwa tupu na injini imeshachemsha. Yule dereva, kwa haraka ya kuokoa nyanya, akamwagia maji ya baridi ya mtoni kwenye injini ya moto. Hedi ikapasuka. Nyanya zilikaa juani siku mbili, zikauzwa kwa bei ya kutupa kwa wapita njia. Hela waliyokuwa wameweka kwa ajili ya mbolea ya mahindi ikaenda kwa fundi, na haikutosha. Gari likauzwa kama chuma chakavu, na wale watatu hawajalima pamoja tena.

Nilikwenda kuliona gari lile gerejini. Fundi alikuwa amekata mpira wa rejeta ili anionyeshe. Ndani kulikuwa na tope jekundu la kutu, zito, unaweza kulichota kwa kidole. Akaniambia vijimirija vya rejeta vimeziba zaidi ya nusu. Yaani mimi na dumu langu tulikuwa tunajaza maji kwenye kitu ambacho hakipitishi maji.

Sasa tuelewane inavyofanya kazi, maana bila hapo utaona naleta ushamba wa kitaalamu. Maji yanazunguka ndani ya injini yakibeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, feni na upepo vinayapoza, yanarudi. Bloku nyingi za injini za zamani ni chuma, hedi nyingi ni alumini. Maji matupu yenye hewa ndani yake yanakula chuma, na kutu hiyo inasafiri. Tena maji ya kisima yana madini. Kama birika lako la chai lina ukoko mweupe ndani, ukoko huohuo unajijenga kwenye injini yako, na ukoko haupitishi joto vizuri. Geji inaweza kuonyesha kawaida kabisa huku sehemu fulani ya hedi inaungua.

Kulanti ndiyo inazuia hayo. Watu wananiambia kulanti ni ya Ulaya, kwenye barafu. Kweli inazuia maji kuganda, na hilo huku halituhusu. Kinachotuhusu ni ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake, na kwamba inapandisha kiwango cha joto ambacho maji yanachemkia. Dawa hiyo inachoka kwa muda, kwa hiyo hata aliyeweka kulanti akaisahau miaka kumi, hana kulanti. Ana maji yenye rangi.

Kuna jambo la pili, na hapa najua nitagombana na baadhi ya mafundi. Gari likichemsha, wengi wanatoa themostati na kuitupa. "Nchi ya joto hii, haina kazi." Si kweli. Themostati inafunga njia injini ikiwa baridi na inafungua ikifikia joto lake, mara nyingi nyuzi 82 au 88. Ukiitoa, dizeli yako inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Katika baadhi ya injini themostati pia ndiyo inafunga kile kinjia cha pembeni, hivyo ukiitoa sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Gari linazidi kuchemsha, mnabaki kushangaa. Kutoa themostati ni sawa na kuona mahindi yamenyauka ukamwagia maji bila kuangalia mizizi ina nini.

Hata kifuniko cha rejeta watu wanakidharau. Kina springi, na juu kimeandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1. Kinashikilia mgandamizo, na chenye 0.9 kikiwa kizima kinafanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118. Kikichoka, maji yanachemka kwenye 100 au chini yake huku kwetu miinukoni. Nimeona pikapu imefungwa kifuniko kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya. Mwenyewe alikuwa anajisifu.

Mwaka jana mimi na mdogo wangu tulinunua pikapu kuukuu, na safari hii niliamua sitaongeza maji. Tulisafisha mfumo wote. Injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, tulifungua kifuniko na koki ya chini ya rejeta. (Msifungue kifuniko gari likiwa la moto, nimeona mtu ameungua uso.) Ndoo ya kwanza ilitoka kama uji wa ulezi. Tukajaza maji safi na dawa ya kusafishia rejeta ya dukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tukawasha injini na kuiacha ipate moto huku hita ya ndani imefunguliwa ili maji yapite huko pia. Ikapoa, tukamwaga. Kisha tukatoa themostati, safari hii kwa sababu ya maana, tukapitisha maji ya mpira kinyume na njia yake ya kawaida, polepole, kwenye rejeta na kwenye bloku. Tukarudia. Maji yalitoka meupe kwenye mara ya sita. Kazi ya siku nzima, na mdogo wangu alinuna kuanzia saa saba.

Msije mkatumia asidi ya betri wala magadi ya kutengenezea sabuni kwa kutaka kumaliza haraka. Vinakula alumini. Na ule unga wa manjano ambao watu wanaweka kuziba rejeta inayovuja, unaziba kweli, tatizo hauchagui pa kuziba.

Nikiwa mkweli, kusafisha kuna hatari yake. Katika gari lililotelekezwa miaka mingi, kutu ndiyo inakuwa imeziba matundu. Ukiitoa, uvujaji unajitokeza. Kwetu mpira mmoja ulianza kuvuja jioni ileile na wota pampu ikaanza kulia machozi wiki iliyofuata. Mdogo wangu akasema, "Kaka, si tungeiacha tu?" Nilimjibu kwamba tundu lilikuwepo, sasa tumeliona tukiwa nyumbani badala ya kuliona katikati ya Mkongo na mzigo wa watu. Kwa hiyo msisafishe siku moja kabla ya safari ya mzigo. Fanyeni msimu ukiwa umetulia.

Themostati kabla ya kuifunga tuliijaribu jikoni: ndani ya sufuria ya maji, ikining'inia kwa uzi, jiko likawaka. Ile ya zamani haikufunguka hata maji yalipochemka. Tukanunua mpya, na kifuniko kipya chenye namba ileile. Tukaweka kulanti nusu kwa nusu na maji ya mvua tuliyokinga bati likiwa limeshaoshwa na mvua za mwanzo. Maji ya betri yaliyosafishwa nayo yanafaa, yale ya kuongezea, sio asidi. Jazeni polepole, injini ikiwa inaunguruma bila kifuniko hadi mapovu yaishe, kisha kesho yake asubuhi mwangalie tena kiwango. Kuhusu rangi, kijani au nyekundu, rangi pekee haikuambii kitu. Someni chupa, na msichanganye aina mbili. Na nje ya rejeta pia osheni, kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi na mbegu za majani vinaziba mapezi yake.

Gharama yetu yote, ukiacha wota pampu, haikufika bei ya mifuko miwili ya mbolea.

Maji machafu mliyotoa msimwage ovyo. Kulanti ni sumu na ina utamu, mbwa na mbuzi wanaweza kuinywa wakafa. Tuliiweka kwenye dumu, tukaliandika na kulifungia stoo mbali na ndoo za kunyweshea, hadi nilipolipeleka kwa fundi anayekusanya oili chafu.

Mmoja wa wale vijana watatu wa nyanya alinipigia juzi. Amepata pikapu nyingine, inauzwa Namtumbo mjini, anataka niende naye kuiangalia. Nimemwambia twende, ila tufike asubuhi sana, kabla mwenye gari hajaiwasha, ili tuanze kwa kufungua kifuniko.