Mfumo Ujaribiwe Sokoni

"Mfumo unasumbua." Jibu hilo humrudisha mwananchi nyumbani kila siku, na lawama yote inaiangukia kompyuta. Kompyuta hufanya ilichoamriwa. Kasoro nyingi huanzia kwa mwandishi wa programu aliyemwazia mtumiaji ambaye hapa kwetu hayupo.

Namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mwandishi akiihifadhi kama hesabu badala ya maandishi, ameharibu. Excel, kwa mfano, hubakiza tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri, kimyakimya. Hapo watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuonekana mtu mmoja, na mmoja wao akanyimwa mkopo SACCOS kwa deni la mwenzake. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mbele: 0754 inabaki 754. Nani aliwahi kujumlisha namba za simu?

Kisha kuna majina. Ng'wandu akijisajili, ile ritifaa katika jina lake ndiyo alama inayofunga maandishi katika lugha ya kuulizia kanzidata. Msimbo wa kizembe unakwama hapo, na mwizi wa mtandaoni huingilia mlango huohuo. Mama muuza ndizi naye akirejesha mkopo kwa simu, mtandao ukakatika, atabonyeza tena. Kama muamala haukupewa namba yake ya pekee tangu mwanzo, amelipa mara mbili. Tarehe 4/3 tusiiguse. Kila ofisi huisoma kivyake, 4 Machi au 3 Aprili.

Wakubwa pia huumbuka. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Namba moja ikazidi nafasi iliyotengewa. Vijana wetu wanaonakili msimbo wa mtandaoni na kuubandika kama ulivyo wanacheza mchezo huohuo, ila kwa fedha za wakulima.

Kwa majaribio ya namna hiyo, Tengeru, hapa wilayani Meru, ina bahati. Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha sayansi ya kompyuta hadi shahada ya uzamivu, iko jirani na soko linalofurika kila Jumamosi. Kila mfumo unaotengenezwa kwa ajili ya wananchi wa Meru upelekwe pale kwanza. Uwekwe mikononi mwa wauzaji wenye simu zilizopasuka kioo, vifurushi vinavyokaribia kuisha na majina yao halisi, nao waachwe wabonyeze watakavyo bila mtaalamu kuwaelekeza. Halmashauri na SACCOS zinazonunua mifumo ziliandike sharti hilo katika mkataba, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka kasoro zilizoonekana sokoni zirekebishwe.