TEPU HAIGEUZWI STIMA IKIWA NDANI

Jioni taa zikififia huku Kisauni, wenyeji hutulaumu sisi tunaopanda nguzo. Nyapara naye ana dawa moja tu: "Geuzeni tepu ya transfoma." Kisha huongeza: "Msikate stima, watu watapiga kelele." Hapo ndipo twakataa, na sababu zetu ni hizi.

Transfoma ya mtaani ina koili mbili. Ya ndani, iliyo karibu na chuma, ni ya waya mnene wenye mizunguko michache, nayo hutoa volti 415. Ya nje ni ya waya mwembamba wenye mizunguko mingi, nayo hupokea volti 11,000. Tepu hutolewa kwenye hiyo ya nje, wala si kwa bahati. Transfoma ya kVA 200 ikibeba mzigo kamili hupitisha ampea 10 na ushei upande wa juu, na ampea 278 upande wa nyumba. Kwa hiyo swichi ndogo yatosha, na mizunguko ikiwa mingi, volti hupandishwa kidogo kidogo, asilimia 2.5 kwa hatua.

Lakini ampea chache si usalama. Fundi yuko mbele ya volti 11,000! Swichi hiyo haikutengenezwa kukata stima. Ukiigeuza transfoma ikifanya kazi, cheche kali huwaka ndani ya mafuta, na tangi laweza kumpasukia mtu usoni. Swichi za kugeuzwa stima ikiwa ndani zipo, lakini hizo ni za transfoma kubwa za vituoni.

Tena tepu haiponyi waya mrefu uliolemewa. Ukipandisha volti kwa ajili ya nyumba ya mwisho, usiku wa manane mzigo ukipungua, aliye karibu na transfoma huunguliwa na balbu. Naye atamlaumu nani? Fundi!

Basi twadai: wenyeji waarifiwe mapema; stima ikatwe pande zote mbili, ipimwe, na nyaya ziunganishwe na ardhi kabla ya mtu kugusa; na penye haja ya transfoma ya pili, iletwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa ambayo haijaondolewa. Ukiamriwa kinyume, shuka ngazi, umwite mwakilishi wa chama.

Heri Kisauni ikae gizani nusu saa, kuliko mke wa mwenzetu akae eda miezi minne na siku kumi.