Tupande Shengena, Tuutunze Msitu
Masika yanapokoma, milima ya Upare huwa imevaa kijani, na mtu aliyezoea vumbi la Same mjini akipanda mpaka Chome huona kama amefika nchi nyingine. Twawapongeza wote wanaokwea mpaka kilele cha Shengena, chenye kimo cha meta 2,462. Ni haki ya kila mwananchi kuijua nchi yake kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini haki huandamana na wajibu. Msitu wa Chome ndio unaolisha vijito vinavyojaza ndiva, yaani malambo waliyoyajenga wazee wa Kipare, ambayo hukinga maji usiku yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Moto ulioachwa na mpita njia baada ya kuchemsha chai, majani yakishakauka, waweza kuteketeza kwa siku moja miti ya miaka mingi. Aliyeuwasha atakuwa amekwisha kwenda zake. Atakayekosa maji ni mkulima.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni na aje, ashibishe macho, azime moto wake, ateremke na taka zake. Na mwenyeji asiwe wa kwanza kupeleka shoka.