Acheni Kumsomesha Mama, Muulizeni

Kila takwimu za udumavu zikitoka, wimbo ni uleule: Nyanda za Juu Kusini zina chakula tele, kwa hiyo watoto wanadumaa kwa kuwa akina mama hawana elimu ya lishe. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, ilhali wastani wa Tanzania ni asilimia 30. Ghala limejaa, mtoto hakui. Lawama zote kwa mama.

Lawama hizo ni za kivivu. Mtafiti huja na dodoso, akauliza jana mtoto alikula nini, akampima mkono kwa utepe, akaaga. Haulizi mama alirudi saa ngapi kutoka shambani, kuni alizifuata wapi, wala fedha za mahindi alishika nani. Matokeo huchapishwa kwa Kiingereza. Kijijini hurudi bango la makundi ya chakula.

Iringa hiyohiyo iliwahi kwenda njia nyingine. Kuanzia 1984, chini ya mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO, vijiji 168 vilipima watoto wao vyenyewe na kujadili matokeo katika kamati zao. Mzigo wa kazi wa mama ukawa ajenda ya kijiji, vikaanzishwa vituo vya kulea na kulisha watoto wazazi wakiwa shambani. Kufikia 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2.

Watafiti wa enzi hizo hawakudharau hata chungu cha pombe. Kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa ambao kila mpika pombe anaujua, kikitiwa kidogo kwenye uji mzito huulainisha bila kuongeza maji. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata nguvu zaidi kwa kikombe kilekile. Ujuzi ulikuwapo jikoni. Wataalamu waliupima wakaukuta wa kweli.

Sikatai elimu. Ila somo lisilompunguzia mama kazi humwongezea nyingine. Halmashauri na wafadhili waulize mambo mawili kabla ya kupitisha utafiti: je, wanakijiji walishiriki kuchagua swali? Je, majibu yatasomwa kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji? Jibu likiwa hapana, fedha hizo zikajenge kituo cha kulelea watoto.