Ubao Mpana Ni Bora Kuliko Injini Kubwa

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba michezo ya majini ni anasa ya matajiri na wageni. Tumezoea kuona boti za kifahari, zenye injini za mamia ya nguvu za farasi, zikimvuta mtu aliyesimama juu ya ubao, nasi tukabaki ufuoni tukitazama kama watu wanaochungulia karamu wasiyoalikwa. Kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini au ziwani hukua akiamini kwamba mchezo huo haumhusu, kwa kuwa baba yake ana boti ndogo tu ya kuvulia, yenye mashine ya nguvu za farasi 15.

Ningependa kuipinga dhana hiyo. Boti ndogo yenye mashine dhaifu yaweza kumvuta mpanda ubao, na kumvuta vizuri, almuradi wanaoiendesha wazielewe kanuni za maji. Hata hivyo, uchache wa nguvu huja na kishawishi kimoja kibaya, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Mashine ikishindwa kumwinua mpanda ubao, wengi hutafuta njia ya kupunguza uzito ndani ya boti. Wa kwanza kushushwa huwa ni yule anayedhaniwa kuwa hana kazi, yaani mwangalizi.

Nimepata kuyaona hayo kwa macho yangu katika ufuo mmoja wa pwani yetu. Nahodha alikuwa peke yake, mkono mmoja kwenye usukani wa mashine, shingo ameipinda nyuma kumtazama mwenzake aliyekuwa akivutwa, na boti inakwenda mbele kuelekea mahali ambapo watoto walikuwa wakiogelea. Siku hiyo hakuumia mtu. Lakini kutoumia leo si hoja ya kurudia kesho.

Tuanze na historia, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba mchezo huu haukuzaliwa na injini kubwa. Mnamo mwaka wa 1922, katika Ziwa Pepin jimboni Minnesota, Marekani, kijana mmoja aitwaye Ralph Samuelson alitaka kuteleza juu ya maji kama watu wa nchi yake wanavyoteleza juu ya theluji. Alijaribu mbao za pipa, zikamzamisha. Alijaribu mbao za theluji, zikamzamisha vilevile. Hatimaye alijichongea mbao mbili zenye urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9, akazipinda ncha kwa mvuke. Boti iliyomvuta ilikuwa chombo cha kazi kilichofungwa injini iliyotolewa katika lori. Tarehe 2 Julai mwaka huo akafaulu, si kwa kuongeza mwendo, bali kwa kujiegemeza nyuma na kuziacha ncha za mbao zitokeze juu ya maji.

Hata kabla ya Samuelson, watu walikuwa wakivutwa juu ya ubao mmoja mpana uliofungwa kamba nyuma ya mashua, na mchezo huo ulipendwa sana katika miaka ya 1920. Na miaka sabini baadaye, mwaka wa 1992 huko Hawaii, Laird Hamilton, Buzzy Kerbox na Darrick Doerner walianza kuvutana kwa boti ya mpira ili kuyawahi mawimbi makubwa ambayo mtu hawezi kuyafikia kwa kupiga maji kwa mikono. Tangu mwanzo, basi, mafanikio yalitokana na fikra kabla ya kutokana na petroli.

Sasa tuiangalie sayansi yenyewe. Boti inayokwenda polepole huyasukuma maji kando na kujitengenezea wimbi. Kadiri inavyoongeza mwendo, wimbi hilo hurefuka, mpaka boti ikawa kama imekwama katika bonde, omo limeinuka na tezi limezama. Kwa makadirio, mwendo wa kikomo hicho, kwa kilomita kwa saa, hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwa mita, kisha kuzidisha kwa 4.5. Boti ya mita 4 hukwama kwenye kilomita 9 hivi kwa saa, na ya mita 9 kwenye kilomita 13 na nusu. Boti nzito ya mbao yenye mashine ndogo haivuki kikomo hicho. Boti nyepesi yaweza kuvuka, ikapanda juu ya wimbi lake na kuteleza, lakini inahitaji nguvu ya ziada katika dakika hiyo ya kupanda. Hapo ndipo mashine ya nguvu za farasi 15 huguna na kukata tamaa.

Tugeukie ubao. Kani inayomwinua mpanda ubao huongezeka kwa kadiri ya eneo la ubao, na kwa kadiri ya mwendo ukizidishwa kwa mwendo wenyewe. Maana yake ni hii: ikiwa ubao mdogo huhitaji kilomita 30 kwa saa, ubao wenye eneo mara mbili utahitaji takriban kilomita 21, na wenye eneo mara nne utahitaji 15 tu. Huu ndio ufunguo wa jambo zima. Upana wa ubao hufanya kazi ambayo tungeilipia kwa injini.

Natuchukue mfano wa mwanafunzi wa kilo 60, ambaye uzito wake ni takriban nyutoni 600. Ubao wake ukiinamia maji kwa nyuzi 15, na tukiacha msuguano kando, kamba itamvuta kwa nyutoni 160 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni wati 670, pungufu ya nguvu moja ya farasi! Msuguano wa maji huongeza hitaji hilo, na wakati wa kuanza hitaji hupanda mara kadhaa. Hata hivyo, hesabu inatufunza kwamba sehemu kubwa ya nguvu za mashine haimwendei mpanda ubao. Huishia katika kuisukuma boti yenyewe na katika maji yanayotibuliwa bure na rafadha.

Msomaji mwerevu ataniambia: kama boti ndiyo mlaji mkubwa, si ndiyo sababu ya kumshusha mwangalizi? Hapana. Katika boti ndogo, mashine iko tezini, na nahodha anayeishika kwa mkono yuko tezini papo hapo. Tangi la mafuta nalo aghalabu liko huko huko. Uzito wote ukilundikana nyuma, omo huinuka juu na boti hushindwa kupanda juu ya wimbi lake. Mtu mmoja akiketi sehemu ya mbele, uso ameuelekeza nyuma, omo hushuka na boti huteleza mapema zaidi. Mtu huyo ni nani kama si mwangalizi? Yule tuliyemdhania kuwa mzigo ndiye anayeisawazisha boti, na macho yake ndiyo yanayomlinda aliye majini. Akishushwa, tunapoteza yote mawili.

Kwa hivyo kanuni ninayoipendekeza ni fupi: ukipungukiwa na nguvu, ongeza upana wa ubao, usipunguze mtu. Kama boti haimwinui mpanda ubao ikiwa na nahodha na mwangalizi ndani, basi ubao ni mdogo au mpandaji ni mzito kwa boti hiyo. Yako mambo mengine ya kubadilisha pia. Mizigo isiyohitajika, nanga ya ziada na maji yaliyojaa ngamani yatolewe. Rafadha yenye mkato mdogo, inayopiga hatua fupi kila mzunguko, huvuta vizuri zaidi katika mwendo wa chini. Mpandaji naye asianze kwa kuchuchumaa ndani ya maji, maana hapo huvutwa kama ndoo. Na alale kifudifudi juu ya ubao, kamba ikazwe taratibu, boti iteleze kwanza, kisha apige magoti, na mwisho asimame. Kwa anayeanza, magoti yanatosha kabisa.

Kamba nayo ina adabu zake. Isifungwe kwenye pembe moja ya tezi, kwa kuwa itaivuta boti upande. Ifungwe kwa matawi mawili, kulia na kushoto, na pawe chini, kwani kamba iliyofungwa juu huweza kuipindua boti ndogo inapokata kona. Mpandaji ashike mpini anaoweza kuuachilia mara moja, wala asijizungushie kamba mkononi au kiunoni. Kamba ikilegea, isiachwe ielee karibu na rafadha.

Wako wanaodhani kwamba mashine ndogo huleta hatari ndogo. Hilo ni kosa kubwa. Rafadha ya nguvu za farasi 15 hukata nyama na mfupa kama ile ya nguvu za farasi 200. Nahodha wa boti ndogo akirushwa majini na kona kali, boti isiyo na mtu huweza kuzunguka na kumrudia. Ndiyo maana kamba ya kuzimia injini yapasa kufungwa mwilini mwake kila mara. Mpandaji avae jaketi la kuokoa maisha hata kama ni mwogeleaji hodari, kwa sababu aliyepigwa na ubao kichwani hana uhodari. Akianguka, anyooshe mkono juu kuonyesha kwamba yu salama, na mwangalizi amwambie nahodha hapo hapo. Boti imrudie polepole, nahodha akiendelea kumwona, na injini izimwe kabla hajashika ubavu wa chombo.

Najua wapo watakaosema kwamba boti ya uvuvi si kitu cha kuchezea, na kwamba afadhali mchezo huu upigwe marufuku. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Marufuku huwahamishia vijana mahali pasipo na mtu mzima wa kuwaangalia, basi. Lililo bora ni kutenga mahali na wakati: mbali na waogeleaji, mbali na nyavu na miamba ya matumbawe, nje ya maeneo ambayo sheria za hifadhi za bahari zinakataza, na si wakati kusi linapovuma kwa nguvu. Huko Ziwa Naivasha kuna viboko, na kiboko hajui mchezo. Wenyeji wanaoyajua maji yao waulizwe kwanza.

Kwenu walimu, nina ombi. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, na kila siku tunahimizwa kuyahusisha masomo na mazingira ya mwanafunzi. Ni mazingira gani yaliyo karibu zaidi na mtoto wa Kilifi, Lamu au Homa Bay kuliko boti? Kani, kasi, eneo, pembe na nguvu, vyote vimo nyuma ya boti moja ndogo. Hesabu niliyoitoa hapo juu yaweza kufanywa ubaoni kwa dakika kumi bila mtu kulowa. Anayetaka kulowa na afunzwe kuogelea kwanza, kwa kuwa ni aibu kwetu kwamba wapo watoto wanaokua wakisikia mawimbi usiku kucha ilhali hawajui kuogelea.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe na ukubwa wa injini, wala msione haya kwa boti ya baba. Yaweza kuwavusha hadi kwenye furaha ile ile wanayoipata wenye boti za mamilioni. Lakini siku mtakapoambiwa kwamba boti ni dhaifu na mwangalizi abaki ufuoni, kataeni. Tafuteni ubao mpana zaidi, au mngojeni mwenzenu mwepesi apande mbele yenu. Wahenga walinena kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuhakikishe basi kwamba kila anayetoka nyuma ya boti kwa kamba, anarejea ndani ya boti akiwa mzima.