Wino wa Ngozi ni Kama Ndago



Vijana wengine hutafuta dawa ya kufuta tatuu, yaani michoro ya wino mwilini. Sababu moja ni kazi. Jeshi la Polisi huajiri vijana wasio na michoro hiyo. Basi kijana wa Mgeta au Matombo huenda mjini Morogoro kununua krimu. Mwingine hupaka maji ya betri, au mafuta ya ganda la korosho.

Wewe mkulima unaijua ndago. Ukipalilia juu juu, viazi vyake hubaki chini, nayo huota tena. Wino nao umekaa katika ngozi ya ndani. Krimu huishia ngozi ya juu. Maji ya betri hufika ndani, lakini huunguza. Utapata kidonda, kisha kovu. Tena krimu nyingine za kuchubua zina zebaki. Hiyo ni sumu, huharibu figo.

Madaktari hutumia mashine ya mwanga mkali iitwayo leza. Mwanga huo huvunja wino vipande vidogo, na mwili huuondoa polepole. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na ni ghali.

Kwa hiyo, usipake kitu kinachounguza. Ukiungua, osha kwa maji safi dakika 20, kisha nenda zahanati. Nawe usiyechorwa, fikiri kwanza.