Kuzima Intaneti Hakujawahi Kuleta Amani

Uchaguzi ukikaribia, au vijana wakitangaza maandamano, hoja ile ile husikika kuanzia ofisi za mawaziri hadi vijiwe vya kahawa: bora watu wakose intaneti siku chache kuliko nchi kuingia kwenye machafuko. Wengi wanaoirudia ni watu wema. Wamechoshwa na uvumi wa WhatsApp na wanaamini wanatetea uhai wa wenzao. Lakini hoja hii imejaribiwa mara nyingi mno barani Afrika, na matokeo yake yanajulikana.

Itazamwe Khartoum. Alfajiri ya Juni 3, 2019, vikosi vya usalama viliwavamia waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi. Kwa hesabu ya madaktari wa Sudan, waliouawa walizidi 100, na baadhi ya miili iliopolewa kutoka Mto Nile. Intaneti ikakatwa, na msemaji wa baraza la kijeshi lililokuwa likitawala akaeleza kwamba mitandao ya kijamii ni tishio kwa usalama wa taifa. Wakili Abdel-Adheem Hassan akaishtaki kampuni yake ya simu, Zain. Mahakama ikampa ushindi mwishoni mwa mwezi huo, ila kwa kuwa alikuwa ameshtaki kwa niaba yake peke yake, laini iliyofunguliwa ikawa yake tu. Taifa la watu zaidi ya milioni 40, na intaneti ya simu ikarudishwa kwa mtu mmoja! Hakuridhika. Alirudi mahakamani, na Julai 9 huduma ikarejea kwa wananchi.

Kilichofuata ndicho kinachoiumbua hoja ya amani. Watu walianza kupakia video walizokuwa wamezificha kwenye simu zao kwa zaidi ya mwezi: risasi, vipigo, mahema yakiteketea. Baadhi zilikuwa zimepigwa na askari wenyewe. Waandishi wa BBC Africa Eye walichambua zaidi ya video 300 na kuionyesha dunia kilichotokea asubuhi ile. Wakati intaneti imezimwa, waliokuwa wakilindwa ni wauaji.

Tanzania nayo ina la kujibu. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima huku maandamano yakisambaa na Dar es Salaam ikiwekewa marufuku ya kutoka nje usiku. Huduma ilianza kurejea Novemba 3. Kama kuzima mtandao huzuia damu kumwagika, siku zile ndizo zingethibitisha. Badala yake, Novemba 11 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema taarifa ilizozipata zinaashiria mamia ya watu waliuawa, na kwamba haikuweza kuithibitisha idadi kwa sababu ya hali ya usalama na kuzimwa kwa intaneti. Ndugu walizunguka hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti wakitafuta watu wao, wakati ambao picha moja au ujumbe mmoja ungewapunguzia safari hizo. Mzazi aliyepitia hayo hawezi kuambiwa kwamba mtandao ulizimwa kwa ajili ya usalama wake.

Ni kweli kwamba uvumi unaua, na anayebeza hilo hajaishi Afrika Mashariki. Lakini mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yalichochewa na redio ya RTLM, intaneti ikiwa bado haijafika mitaani. Uvumi hauhitaji bando. Hustawi zaidi pale ambapo hakuna pa kuuliza ukweli, na kuzima mtandao huondoa hasa pale pa kuulizia. Mtafiti Jan Rydzak, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza maandamano ya India, nchi iliyozoea kuzima intaneti jimbo kwa jimbo. Mwaka 2019 alitoa matokeo yake: kuzimwa kwa mtandao kulifuatwa na ongezeko la maandamano ya vurugu. Maandamano ya amani yanahitaji watu waweze kupatana mahali, saa na njia. Kurusha mawe hakuhitaji mpango.

Kenya iliwahi kuchagua njia nyingine, na inastahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, huku ujumbe wa chuki ukizagaa kwa simu. Wazo la kufunga huduma ya ujumbe mfupi lilikuwa mezani. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri kwamba huduma iachwe wazi na kampuni iitumie kuwatumia wateja wake wito wa utulivu. Ikafanyika hivyo. Na kwa kuwa laini zilikuwa hai, kundi la Wakenya waliweza kuanzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani.

Halafu kuna tumbo. Uganda ilipofunga mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi wa Februari 2016, huduma za pesa kwa simu nazo zilifungwa. Mwenye akaunti benki aliweza kuvumilia. Mama anayeuza ndizi, ambaye mtaji wake wote uko kwenye simu, alibaki na salio asiloweza kulitoa wala kununulia chakula. Hakuwa amemchochea yeyote.

Mtu anayechochea mauaji ana jina, namba na akaunti. Sheria zipo za kumfikisha mahakamani yeye, bila kuwanyamazisha mamilioni wasiohusika. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua mwaka 2020 kwamba Togo ilivunja haki kwa kuzima intaneti mwaka 2017, na Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi, katika Azimio namba 580, zisikate mtandao wakati wa uchaguzi.

Wabunge wa Dodoma, Kampala na Nairobi wana kazi ya wazi: waandike kwenye sheria kwamba hakuna waziri wala mdhibiti wa mawasiliano mwenye mamlaka ya kuwazimia wananchi intaneti. Kampuni za simu, zinazokula pesa za wananchi hao kila siku, zichapishe kila amri ya kuzima zinayopewa, tarehe yake na jina la aliyeitia saini. Na mpiga kura amuulize mgombea wake kabla ya kampeni kuisha: akipewa amri hiyo mezani, ataitia saini au ataikataa?